Pa Kutulia

Mkungu wa kwanza uligonga bati saa moja kasorobo asubuhi, siku ya tatu tangu tuezeke. Nilikuwa nimesimama pembeni, futi kamba mkononi, nikijiona mtu.

"Mwanangu," akaniita mama aliyeubeba, magoti yamekunjika nusu na mikono yote miwili iko juu, "hili banda mmewajengea akina nani? Watoto wa chekechea?"

Ilikuwa masika ya 2019, nje kidogo ya mji wa Moshi, barabara ya kwenda Himo. Akina mama wale walikuwa wakiuza ndizi za mshare na kimalindi juani, mvua ikija wanajibanza na mizigo yao chini ya mti. Walichanga kwenye kikoba mpaka wakapata hela ya bati geji 30, papi, misumari na saruji. Nguzo za mlingoti zilitoka kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha mmoja wao. Mimi nilikuwa nimetoka chuo, nimesomea uchoraji wa ramani za majengo, sina kazi, na mweka hazina wa kikoba alikuwa shangazi yangu. Ndiyo njia niliyopatia mradi wangu wa kwanza. Malipo: chakula cha mchana, na mkungu mmoja kila Jumamosi.

Fundi wetu alikuwa dada mmoja wa Njoro, mwashi, aliyeanza kwa kubeba zege kama saidia fundi. Wapita njia walikuwa wakisimama kumuuliza, "Fundi yuko wapi?" Anajibu, "Kaenda kunywa chai," bila kuacha kusukuma chepe. Wengine walikaa kabisa kumsubiri huyo fundi.

Sasa, kwa nini paa lilikuwa chini vile? Jibu nililowapa kikao lilikuwa la mvua: mvua ya upepo huingia kwa ubavu, paa likishuka upande wa mbele bidhaa hazilowi. Kweli kabisa. Ila nusu nyingine ya ukweli sikuisema. Pale pale Moshi kuna nyumba ya hifadhi ya shirika la wanawake la KWIECO, ya wanawake waliokimbia ukatili majumbani, na walioibuni ni wanawake watatu wa Kifini, Saija Hollmén, Jenni Reuter na Helena Sandman. Hao hao ndio waliobuni kituo cha wanawake cha Rufisque, Senegal, chenye kuta nyekundu, kilichokamilika 2001. Shirika lao wameliita Ukumbi, neno letu kabisa. Picha za kazi zao nilizikodolea macho hadi usiku wa manane, nikajiambia na banda langu la ndizi lazima lipendeze kwenye picha. Paa la chini hupendeza sana kwenye picha.

Mbele nililiacha kwenye mita 1.9. Nilikuwa nimepima kila kitu: meza, korongo la maji, njia ya mkokoteni. Mwanamke wa kwenye mchoro wangu alikuwa na mita 1.6, anatembea mikono mitupu, kichwani hana hata ngata.

Kilichonichoma si kucheka kwao. Mimi nimelelewa na ndizi. Mama yangu alikuwa akishuka na mkungu kutoka Kirua hadi barabarani, na kazi yangu nikiwa na miaka tisa ilikuwa kupanda juu ya jiwe nimsubiri nimtue. Nikichelewa, anasimama na mzigo kichwani, shingo imekaza, haniiti, ananitazama tu. Nilijua urefu wa mwanamke mwenye mzigo kabla sijajua futi ina inchi ngapi.

Fundi hakusema neno hadi chai ilipoisha. Akajitwika mkungu, akasimama kwenye nguzo moja baada ya nyingine, mimi nachora alama kwa chaki. Mita 2 na sentimita 14, na yeye si mrefu. Tukafumua bati za mbele, tukavunja zege kwa sururu, tukang'oa nguzo nne na kusimika nyingine ndefu. Siku mbili, na mifuko miwili ya saruji ambayo haikuwa kwenye bajeti. Shangazi aliiandika kwenye daftari la kikoba, akasoma kwa sauti mbele ya kikao: "Makosa ya mchoraji, mifuko miwili." Undugu ulibaki nyumbani.

Kazi ilipokaribia kwisha, bibi mmoja alizunguka banda polepole, kisha akaniuliza, "Na pa kutulia pako wapi?"

Nikamwonyesha benchi. "Hapa, bibi. Karibu upumzike."

Wakaangua kicheko upya. Bibi alikuwa anauliza pa kutulia mzigo. Mkungu wa kilo 25 huutui peke yako. Ukijaribu, ama unaupasua ama unateguka kiuno. Alitaka ubao uliopigwa kati ya nguzo mbili, usawa wa bega, mtu aukaribie, ainamishe kichwa kidogo, mkungu uhamie ubaoni. Ubao! Ndicho kitu cha bei rahisi kuliko vyote tulivyojenga, na hakikuwa kwenye ramani yangu. Wakabishana usawa wa bega la nani. Tukapiga mbao mbili, moja ya warefu na moja ya wafupi. Mvua ya upepo, kwa upande wake, ilianza kuingia kama nilivyowaonya, wakaning'iniza turubai.

Mama alikuja Jumamosi iliyofuata, ameteremka na mkungu wake. Nilimwona kwa mbali nikanyanyuka, mikono nimeshaitanguliza kumpokea. Akanipita. Akasogelea ubao wa wafupi, akatua, akajinyoosha mgongo na kukung'uta ngata yake.

Kisha akatazama juu, akaniuliza kwa nini bati la mwisho limepinda.