Mkarafuu Mmoja wa Ami

Nje kidogo ya mji wa Wete, kisiwani Pemba, nyuma ya nyumba ya marehemu ami yangu, upo mkarafuu mmoja ambao mavuno yake hayaliwi na mtu yeyote wa ukoo wetu. Kwa kuutazama hauna tofauti na mikarafuu mingine iliyouzunguka. Karafuu zake huchumwa zinapoanza kugeuka rangi ya waridi, huchambuliwa makonyo, huanikwa kwenye jamvi lake peke yake, na fedha zinazopatikana hutolewa sadaka. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni wakfu wa msikiti. Nilikuwa nakaribia kumaliza skuli nilipoelezwa kuwa ile ni nadhiri, na kwamba chanzo chake ni kinamasi cha Lukaya, nchini Uganda, usiku wa tarehe 10 Machi 1979.

Ami alikuwa mwanajeshi wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania tangu miaka ya mwanzo ya sabini. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na katika siku hizohizo kulivunja daraja la Kyaka, Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo na uwezo wa kumpiga tunao. Ami aliisikia hotuba ile akiwa kambini, na wiki chache baadaye alikuwa upande wa pili wa nchi, katika baridi ya Ziwa Viktoria ambayo mtu wa Pemba hakuizoea. Yaliyofuata, yaani kuvuka mpaka wa Uganda pale Mutukula na kuutwaa mji wa Masaka mwezi wa Februari, alikuwa akiyapitia kwa maneno machache, kama mtu anayetaja vituo vya basi. Lukaya ndipo alipokuwa akisimama.

Barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala inapofika Lukaya hupita juu ya tuta katikati ya kinamasi kikubwa cha mafunjo. Jeshi haliwezi kutawanyika hapo, kwa kuwa kuna njia moja tu, na pande zote mbili ni maji na matope. Brigedi ya 201, ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya mgambo wasiokuwa na uzoefu wa vita, ndiyo iliyokuwa mbele wakati askari wa Amin pamoja na Walibya waliotumwa na Gaddafi walipofyatua maroketi. Maroketi yale yalipigwa juu kupita kiasi. Yalipita juu ya vichwa vyao na kuanguka nyuma, lakini kishindo chake kiliwatia hofu wengi wakavunja safu na kukimbia. Ami alisema kuwa sauti ile ilikuwa kama makuti makavu ya kijiji kizima yanayoshika moto kwa wakati mmoja. Nimeifikiria mara nyingi hesabu ile: mpiga roketi angeteremsha mtutu wake kidogo tu, nisingekuwa na ami wa kunisimulia.

Kilichomwokoa usiku ule, hata hivyo, hakikuwa kosa la mpiga roketi peke yake. Ami alikuwa amesimama wima juu ya tuta, miguu imegoma, risasi zimeshaanza kupita. Mwenzake mmoja, kijana wa Bara, Mkristo, aliyekuwa akigawana naye blanketi tangu Kyaka, alimshika mkanda wa kiunoni akamvuta hadi majini, katikati ya mafunjo. Wakakaa humo maji yamewafika kifuani. Walizungumza kwa kunong'ona mpaka usiku wa manane, na mazungumzo yao hayakuwa ya vita. Kijana yule alikuwa na mtoto mchanga ambaye hajamwona, akataka kujua Waislamu humpa mtoto jina siku ya ngapi. Ami akamjibu kuwa ni siku ya saba. Baada ya hapo risasi zilichana mafunjo kwa muda usiozidi kuvuta pumzi mbili. "Tulikuwa tumeachana kwa urefu wa mkono," alikuwa akisema ami, naye hunyoosha mkono wake hewani akautazama.

Kesho yake brigedi ile ilijikusanya upya, Brigedi ya 208 ikatokea kaskazini magharibi, na Lukaya ikakombolewa. Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ilianguka. Hayo yamo vitabuni, nami sina la kuyaongezea.

Ninalotaka kulisema ni juu ya kurudi kwake. Bibi yangu alikuwa ameweka nadhiri ya maulidi iwapo mwanawe atarudi salama, na maulidi yakasomwa, ng'ombe akachinjwa, watu wakaja kutoka Konde na Chake. Kila aliyempa mkono alimwambia neno la aina moja: Mungu kakupenda, dua za mama yako zimekukinga. Walisema kwa mapenzi ya kweli, na katika visiwa hivi, ambako mtu huweza kupotea baharini au kuanguka mkarafuuni mchana kweupe, tunajua uzito wa kumpokea mtu aliyepona. Lakini ami aliinuka kabla ya qiyam, pale watu wanaposimama kumsalia Mtume, akaenda kukaa kisimani peke yake. Alinieleza miaka mingi baadaye kwamba kila aliposikia "Mungu kakupenda" alijiuliza yule wa urefu wa mkono alikuwa hapendwi na nani. Naye alikuwa na mama, na mama yake aliomba dua kama walivyoomba mama wote wa nchi hii mwaka ule.

Nilikua nikidhani kuwa aliyenusurika huwa na furaha tupu, na kwamba anayenyamaza hana shukrani. Ami ndiye aliyenionyesha kuwa nilikosea. Hakuwa mtu wa kukufuru. Kwa sisi wafuasi wa Imamu Shafi, sijda ya shukrani husujudiwa nje ya sala, pale neema mpya inapofika au balaa inapoepushwa, na ami alinambia kwamba aliisujudu palepale juu ya tuta alfajiri ile, na gwanda lake likichuruzika maji. Alisujudu kwa kupona, kisha akainuka akambeba mwenzake. Mambo hayo mawili aliyafanya kwa mwili mmoja na katika saa moja, na sijaona kwa nini sisi tuliobaki nyumbani tumtake alichague moja.

Alikuwa akiikariri sana hadithi ya Mtume isemayo kuwa asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Shukrani kwa Mungu aliweza kuitoa popote, lakini shukrani kwa aliyemshika mkanda ilikuwa haina pa kupelekwa. Ndipo ulipopatikana mkarafuu. Kwa kuwa mwenzake aliacha mtoto asiyemjua, ami aliazimia kwamba mavuno ya mti ule yawasaidie mayatima, wa dini yoyote, kwa sare, madaftari na chakula. Mara moja alisafiri hadi Kaboya, mkoani Kagera, walikozikwa mashujaa wa vita ile. Alirudi kimya, na msimu uliofuata akauchuma mti wake kama kawaida.

Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinzi wa amani wa Tanzania ilishambuliwa Semuliki, wilaya ya Beni, mashariki mwa Kongo. Askari wetu walikuwa huko katika kikosi maalumu kilichoundwa na Baraza la Usalama mwaka 2013, pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi. Watanzania 15 walipoteza maisha na zaidi ya 40 walijeruhiwa. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuwa kambini usiku ule, naye akarudi na kovu la begani. Mama yake alisomesha khitma ya shukrani, nyumba ikajaa, na nikayasikia maneno yaleyale ya mwaka 1979 yakisemwa na vinywa vipya. Kijana alikaa pembeni, mikono magotini, akiitikia kila mtu, "Alhamdulillahi, alhamdulillahi," bila kunyanyua uso.

Ami, ambaye wakati huo alitembea kwa mkongojo, alipita katikati ya watu akaketi mkekani kando yake. Hakumpa hongera wala hakumpa pole. Alimuuliza swali moja: "Mwanangu, aliyekuwa karibu yako alikuwa nani?" Kijana akamtazama kwa muda, kisha akalitaja jina. Wakaanza kuzungumza kwa sauti ya chini, nami niliyekuwa nikigawa kahawa nilisikia maneno machache tu ya ami: "Mshukuru Mola wako, na mwenzako umlilie. Hayo hayagombani." Walikaa pale mpaka watu wote walipoondoka, na mama mwenye nyumba, ambaye mwanzoni aliona kama karamu yake imeharibiwa, akawaletea chai nyingine bila kuulizwa.

Ami alifariki mwaka 2021. Baadhi ya jamaa walisema kwamba nadhiri ilikuwa yake, na imekwenda naye. Huenda kisheria wako sawa, nami sikutaka kubishana nao juu ya mti mmoja, ila nilijua kuwa sitaweza kuziuza karafuu zile na kuzitia fedha zake mfukoni mwangu. Msimu ulipofika niliamka alfajiri kwenda kuuchuma mwenyewe, nikamkuta yule kijana wa Semuliki ameshapanda, yuko juu karibu na kilele, akivuta matawi taratibu ili yasivunjike. Hatukuwa tumeagana lolote. Alichuma mpaka jua lilipopanda, akashuka na pakacha limejaa, akajifuta jasho kwa ule mkono wenye kovu, akaniuliza jamvi la mti huu ni lipi.