Siku ya Kuchora Umati wa Feri

Saa 11:00 alfajiri. Kabla ya kuwasha simu, ninakaa mezani kwangu, Kigamboni, na kufungua daftari ambalo ndani yake hamna hata mchoro mmoja nilioubuni mwenyewe. Ni daftari la kunakili kazi za wengine, na nyuma ya kila ukurasa ninaandika jina la mchoraji niliyemnakili, ili nisije nikajisahau siku moja nikadhani mstari ule ni wangu. Wiki hii ni zamu ya George Lilanga, Mmakonde aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam, akafariki mwaka 2005. Nimemchagua kwa sababu nina shida mahususi: ninachora kitabu cha watoto chenye ukurasa wa mnada wa samaki, na kila nikijaribu kuchora umati, watu wangu wanasimama kama nguzo za uzio, kila mmoja peke yake.

Ninanakili polepole kwa penseli, nikijiuliza swali moja tu: kwa nini mkono huu umeishia hapa? Jibu linajitokeza baada ya karibu saa nzima. Katika picha zake za mashetani, viumbe wa masimulizi wenye masikio makubwa na matumbo yaliyochomoza, kiwiko cha mmoja kinaziba pengo lililoachwa na kiuno cha mwenzake, na mguu unapita chini ya mguu mwingine, hata jicho likiingia katika picha halipati pa kutokea. Lilanga alianza kama mchongaji, nami naona hapo ujuzi uleule wa vinyago vya ujamaa, ambamo watu wamebebana na kushikana ndani ya gogo moja la mpingo.

Saa 1:00 asubuhi. Ninavuka kwa pantoni hadi Feri, kwenye soko la samaki. Leo siwatazami wachuuzi mmoja mmoja, bali natazama nafasi zilizo kati yao: beseni lililobanwa kati ya mbavu mbili, mama anayenyoosha shingo juu ya bega la kijana ili aone vibua, mkono wa dalali uliokata anga juu ya vichwa vyote. Ninachora haraka kwa kalamu ya wino, bila kufuta.

Saa 4:00. Nyumbani, rasimu ya kwanza inanisikitisha, kwa maana wachuuzi wa Feri wameota masikio ya Lilanga. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika kujifunza kwa wengine, na sijui njia nyingine ya kuivuka isipokuwa kulifungia daftari la kunakili katika droo na kubaki na michoro ya asubuhi peke yake. Masikio yale yalikuwa ya mtu aliyekulia katika masimulizi ya mashetani, nami sina haki ya kuyaazima kama pambo. Namna ya kuwashikamanisha watu kwa viwiko na magoti, hiyo naweza kuifanyia kazi kwa nyuso ninazozijua.

Saa 9:00 alasiri. Ninampelekea mhariri rasimu ya tatu. Anajibu upesi: “Kaka, umati sasa unapumua, lakini dalali amepotea. Mtoto atamtafuta wapi?” Amesema kweli, nami sikuwa nimeliona.

Saa 2:00 usiku. Nimetandaza mezani picha za Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kung’aa juu ya vibao vya bei nafuu, akafariki mwaka 1972. Mnyama wake mara nyingi yuko peke yake juu ya rangi moja tulivu, na ule utupu unaomzunguka ndio unaomfanya aonekane mkubwa. Ninaandika jina lake nyuma ya ukurasa wa kesho, kisha katika rasimu ninafuta vichwa vitatu kuuzunguka mkono wa dalali.