Katreni ka Sigi

Tangu SGR ianze kupiga ruti Dar mpaka Dodoma mwaka 2024 huku mjini kila mtu kawa mtaalamu wa reli. Ofisini kwetu Posta watu wanabishana kuhusu ile spidi ya 160 utadhani ni Simba na Yanga, na mimi huwa naitikia tu aisee kweli, kumbe akili imeshaenda kwenye reli nyingine kabisa ambayo hata haipo.

Watu wa Muheza mnajua nasema nini. Enzi za Mjerumani kulikuwa na katreni kalikokuwa kanaanzia Tengeni, pale inapopita reli ya Tanga, kanapanda milima ya Usambara Mashariki mpaka Sigi, chini ya Amani. Kalianza kujengwa 1904, kakakamilika 1910, zaidi ya kilomita 20, na kazi yake kubwa ilikuwa kushusha mbao. Upana kati ya reli zake mbili ulikuwa milimita 750. Reli ya Tanga ni mita moja, SGR ni 1435, yaani hako katreni kalikuwa nusu na kidogo tu ya hii tunayoringia sasa hivi.

Wembamba ule ulikuwa na sababu zake. Mlimani ukitaka reli pana inabidi ukate mwamba mwingi maana kona zake lazima ziwe kubwa, ila reli nyembamba inajikunja inafuata mlima unavyotaka, na vichwa na mabehewa yake ni madogo. Na pale ambapo hata kona haiwezekani waliweka zigizaga, treni inapanda mpaka mwisho wa kipande cha reli inasimama, njia inageuzwa, halafu inarudi kinyumenyume huku bado inapanda, ikifika mwisho inageuziwa tena, inakwenda mbele. Mimi hii ndo inaniua kabisa, treni inarudi nyuma na bado inapanda mlima! Hasara yake ni pale chini Tengeni, behewa la 750 haliwezi kuingia kwenye reli ya mita moja, kwa hiyo mzigo wote unashushwa na kupakiwa upya ndo uende Tanga bandarini, na waliokuwa wanabeba magogo hayo bila shaka hawakuwa Wajerumani.

Hapo ndo kuna jamaa yangu mmoja, tunakula naye mchana, huwa ananiwakia. Anasema sasa dada wewe unalilia nini, si reli ya mkoloni ya kubebea misitu yetu, acha ife. Ana hoja, tena nzito. Ila mimi naona ndo maana hasa ya kuikumbuka, maana ikifutika njia ya reli kinachofutika pamoja nayo ni wale waliokata ule mlima kwa sururu, na wale hawakuandikwa popote zaidi ya lile tuta lenyewe ilipopita reli. Wajerumani wana picha zao na makabrasha yao, hawatapotea. Hata kile kituo chao cha utafiti cha Amani, cha mwaka 1902, kinajulikana dunia nzima kwa watu wa mimea.

Wenzetu wa Uingereza walikuwa na kareli kao kembamba huko Devon, kutoka Barnstaple kwenda Lynton, kalifunguliwa 1898, kakafungwa Septemba 1935. Baada ya reli kufungwa, mzee mmoja, nahodha mstaafu, akapeleka shada la maua stesheni lenye maneno ya kwamba huenda haijafa, imelala tu. Vichwa na mabehewa vikapigwa mnada, kichwa kimoja kikasafirishwa hadi Brazil na hakijaonekana mpaka leo. Miaka mingi baadaye wapenzi wa reli wakaunda chama, wakachangishana, na mwaka 2004 treni ikatembea tena, kipande ambacho baadaye kilifika kama maili moja kati ya zile 19 za zamani. Maili moja! Nawapa heko, lakini sitamani sisi tuige. Kichwa kipya cha moshi cha kuwapakia watalii pale Sigi, hela itoke wapi, na faida aipate nani.

Mimi natamani vitu vya bei rahisi. Ile nyumba ya mkuu wa stesheni pale Sigi bado imesimama, hifadhi ya Amani inaitumia kupokea wageni tangu msitu ulipopewa hadhi ya hifadhi mwaka 1997 huko, na hilo tu limeiokoa nyumba kuliko sherehe yoyote. Basi na njia yenyewe ipewe kazi. Mtu atembee na simu yake achore ramani ya tuta kabla mashamba hayajalimeza, pawekwe vibao kwenye zigizaga, vijana wa pale wapitishe wageni kwa miguu walipwe. Na vyuma vilivyobaki mtu asiviuze chakavu, ingawa najua njaa ikiuma chuma ni hela. Mama anasema kengele ya shule yao ilikuwa kipande cha reli kimening'inizwa mwembeni, na mjomba anaapa kilikuwa cha Sigi kwa vile kilikuwa chembamba.

Ndo nikaenda kwenye grupu la ukoo la Whatsapp, nikawaomba wazee watume voice kila mtu aseme alichosimuliwa. Nilidhani watanipuuza, wapi! Mjomba kasema babu mkubwa alikuwa anapasua mbao huko juu, mama mkubwa kasema muongo huyo, babu alikuwa anapanga mataruma yale ya chini ya reli, mjomba akajibu "dada wewe ulikuwa hujazaliwa," akaambiwa na wewe je. Mama mkubwa akaleft. Nimemrudisha, sasa anadai kwanza mjomba aombe radhi ndo atatuambia tuta lilipita upande gani wa mto.