Barabara Iliyopita Uani Kwetu

Ramani ya mpango mpya wa mtaa wetu ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya serikali ya mtaa siku ya Alhamisi, na kufika jioni watoto walikuwa wameshaichana pembe moja. Ilikuwa Aprili 2009, masika yamekolea, nami nimemaliza kidato cha sita na sina kazi zaidi ya kusubiri matokeo na kumsaidia mama. Tulikwenda wote kuitazama. Viwanja vyenye namba, mistari myeusi, barabara zimenyooka utadhani aliyezichora hajawahi kupanda kilima chetu. Kila aliyefika alikuwa anajitafuta. Wengine walianzia msikitini, wengine kisimani, wengine kwenye mwembe mkubwa wa njia panda, wakihesabu nyumba kwa kidole. Mwembe haukuwemo. Kisima nacho hakikuwemo.

Mama alijitafuta akachoka, mpaka kijana wa jirani akamwambia, "Mama, nyinyi mko hapa." Kidole chake kilikuwa katikati ya barabara.

Nyumba kubwa ilikuwa imesalimika, ila baraza. Kilichoangukia barabarani ni uani: choo, karo la kufulia, na mstari wa vyumba vya wapangaji. Mama hakusema kitu. Aliniuliza tu kama ile barabara ina upana gani, nikamsomea: mita 12. Akarudi nyumbani, akachukua kamba ya kuanikia nguo na kuanza kupima uani kwake, huku wapangaji wakichungulia milangoni.

Mtaa wenyewe nitauacha bila jina, maana wengi wa watu wake wapo na baadhi yao mpaka leo wamenuniana. Uko nyuma ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, upande wa Changanyikeni. Baba alinunua pale miaka ya 1980 kwa mzee mmoja wa Kizaramo, shamba la mihogo na mikorosho, kwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono mbele ya balozi wa nyumba kumi: bei, mipaka ("kuanzia mkorosho uliokatwa tawi"), mashahidi, dole gumba. Hiyo ndiyo hati yetu. Majirani nao walinunua hivyohivyo, kipande kwa kipande, kila mmoja akiacha kinjia cha mkokoteni kupita. Vinjia hivyo ndivyo tulivyokuja kuviita barabara.

Chuo Kikuu kilitutangulia. Kilihamia kilimani 1964. Lakini kwa miaka mingi wao walikuwa na yao na sisi tuna yetu, tukikutana kwenye daladala tu. Kilichotuchanganya ni wanafunzi kuongezeka kuliko vitanda. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu ilipoanza kazi 2005, watoto wa wakulima waliokuwa wakikata tamaa mapema wakaanza kufika Mlimani na mabegi yao, na mabweni hayakuwatosha wote. Mwaka uliofuata jengo la maduka la Mlimani City likafunguliwa pale barabara ya Sam Nujoma, na ghafla watu waliokuwa wakituita wa porini wakaanza kuuliza kama kuna kiwanja kinauzwa.

Baba alikuwa ameshafariki. Mama aliuza viazi na mihogo ya kukaanga, akadunduliza, akajenga vyumba vya uani kimoja kimoja. Tofali za kufyatua hapohapo, bati, dirisha la nondo, sakafu ya saruji iliyopigwa niru. Umeme ulikuwa wa mita moja, na ugomvi wa nani amechemsha maji kwa hita haukuisha. Kodi alipokea kwa muhula, si kwa mwezi, kwa sababu alishajua kuwa mwanafunzi hana mwezi. Ana bumu, zile fedha za kujikimu kutoka kwenye mkopo. Bumu likitoka, analipa. Likichelewa, mwenye nyumba naye anachelewa kununua dagaa.

Hesabu zote ziliingia kwenye kaunta buku moja yenye jalada gumu jeusi, aliyoihifadhi ndani ya sufuria kubwa la harusi ili panya wasiifikie. Alikuwa amechora mistari kwa rula: jina, chumba, alicholipa, anachodaiwa. Kulikuwa na safu moja zaidi ambayo sijaiona kwa mwenye nyumba mwingine yeyote, safu ya fani. Anayesoma sheria alisomewa kila barua iliyoingia nyumbani na kuulizwa ina hatari gani. Wa uhandisi aliitwa soketi ikitoa cheche. Chumba cha tatu walikaa wasichana wawili wa uhasibu, na cha mwisho, karibu na choo, kijana aliyekuwa akisoma uthamini wa ardhi na majengo pale Chuo Kikuu Ardhi. Yeye ndiye aliyekuja kuleta kasheshe.

Kikao kilifanyika Jumamosi kwenye uwanja wa shule. Ofisi iliyoleta mpango sitaitaja. Walikuja watu watatu, na msemaji wao alikuwa kaka mmoja mpole, viatu vimejaa tope jekundu, aliyetueleza kwa Kiswahili kizuri kwamba mtaa umejengwa holela, kwamba mpango huu utaleta barabara, mifereji, eneo la wazi, eneo la biashara, na hosteli za kisasa kwa ajili ya wanafunzi. Aliposema hosteli za kisasa, wenye vyumba vya uani tulitazamana.

Na hapa niseme ukweli: yule kaka hakuwa mwongo. Wiki chache kabla ya hapo mama mmoja wa bondeni alishikwa na uchungu usiku, akabebwa kwenye godoro na wanaume wanne mpaka kwenye lami, kwa kuwa taksi haikuweza kufika. Choo kikijaa, gari la kunyonya lilisimama kule juu kwenye nyumba ya ghorofa, na kama mpira haufiki, unachimba shimo jingine. Mvua ikinyesha kinjia chetu kilikuwa mto. Kwa hiyo waliopiga makofi hawakuwa wapumbavu. Ila niliwatazama ni akina nani: wengi walikuwa wa kule juu, ambao barabara ingepita mbele ya mageti yao bila kugusa hata ua. Mwenye ghorofa alipiga makofi kuliko wote.

Mzee mmoja akasimama, akasubiri kelele zitulie. "Mwanangu, ule mviringo wa kijani ulioandika eneo la wazi, amelala mama yangu pale. Na bibi yangu. Hapako wazi." Kaka akaandika. Akasema makaburi yana sheria yake, ya 1969, na yatahamishwa kwa heshima zote. Mzee akauliza ni nani kamwambia kwamba anataka wahame. Watu wakaguna. Mwenyekiti wa mtaa akaomba tuende kwenye swali lingine.

Ndipo mpangaji wetu aliponyoosha mkono kule nyuma.

"Wapangaji mtuwie radhi," mwenyekiti akasema. "Kikao hiki ni cha wenye maeneo."

Naikumbuka kauli ile kwa sababu nilihesabu vichwa kwa macho na kuona kwamba waliolala mtaani kwetu kila usiku, zaidi ya nusu walikuwa wapangaji. Si wanafunzi tu. Wauza mitumba wa Mwenge, walinzi wa usiku, akina dada wa saluni. Kwenye ramani hawakuwa na namba, na kwenye kikao hawakuwa na mdomo. Wenye nyumba wengi walitikisa kichwa kukubaliana na mwenyekiti, na wao ndio waliokuwa wakila kodi za haohao.

Mama akasimama. Alikuwa mtu wa aibu mbele za watu, na alizungumza akiangalia kanga yake. "Mwenyekiti, huyu ni mwanangu. Nimemtuma mimi aulize kwa niaba yangu." Hakuwa amemtuma. Lakini nani angembishia mjane?

Kijana akaja mbele na karatasi zake za kutoa kopi. Akauliza fidia italipwa kwa misingi ipi. Kaka akajibu kwamba Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya wakati, na itafuatwa. Kijana akashukuru, akaanza kusoma kanuni za 2001 moja moja, kwa sauti ya mtu anayefanya mtihani wa mdomo. Thamani ya ardhi. Majengo na mazao. Posho ya usumbufu. Posho ya usafiri, gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo kwa kilomita 20. Hapo mtu akapiga kelele, "Tani 12! Mimi nina kitanda na kabati!" Uwanja mzima ukacheka, na hata kaka wa mipango akacheka. Posho ya makazi, kodi ya miezi 36. Faida iliyopotea, faida ya mwezi mara miezi 36.

"Hiyo ya mwisho," kijana akasema, "Mama ana vyumba vya kupangisha. Hiyo ni biashara. Mmeihesabu?"

Kaka akasita. Akaeleza kwa upole kwamba faida hulipwa kwa biashara yenye hesabu zilizokaguliwa. Kanuni ndiyo inavyosema. Kijana akainamisha kichwa, kwa kuwa yeye mwenyewe alijua kwamba inasema hivyo. Ilikuwa mbele yake kwenye karatasi.

Mama alikuwa amekuja na kaunta buku ndani ya mkoba wa plastiki, kwa ajili ya mvua. Akaitoa na kuiweka mezani. Kaka akaifungua kwa adabu, akafunua kurasa kadhaa, na nikamwona ameganda kwenye ukurasa mmoja, anasoma kwelikweli, kidole kikishuka kwenye safu ya fani. Akasema, "Mama, umeandika vizuri sana. Lakini hizi si hesabu zilizokaguliwa."

"Mkaguzi anapatikana wapi?"

"Ni watu wa uhasibu, mama. Waliosajiliwa."

"Wa uhasibu ninao, wako chumba cha tatu," mama akasema. "Wakimaliza mwakani waanze na langu."

Kicheko cha safari hii kilikuwa na meno. Wale wasichana wawili wakajifunika nyuso kwa madaftari. Nilimtazama mama na kuona kwamba yeye hakuwa amefanya utani. Alikuwa anauliza utaratibu, na jibu alilopewa lilikuwa kwamba kitu kilichotulisha na kunisomesha mpaka kidato cha sita kilikuwepo kwa macho, hakikuwepo kwa sheria.

Kikao hakikuisha vizuri. Mvua ilianguka, watu wakakimbilia madarasani, na mabishano yakaendelea kwenye madawati ya watoto. Jioni hiyo wenye vyumba vya uani walikusanyika kwetu kuandika barua, na kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, kalamu nikakabidhiwa mimi. Niliandika wanayosema: barabara tunaitaka, ila ifuate vinjia vilivyopo na ipunguzwe upana, makaburi yaachwe, fidia ijulikane kabla nyumba haijawekwa alama ya X, vyumba vya kupangisha vihesabiwe. Wengine walitaka niandike "tunapinga". Mama akakataa. "Ukiandika unapinga, wanaacha kusoma hapo." Kuhusu wapangaji palitokea ubishi mrefu. Mzee wa makaburi ndiye aliyeuamua: nao wasaini, wino hauna hati. Tukasaini sote, wengine kwa dole gumba, kwa wino wa bluu ulioazimwa kwa katibu wa mtaa. Barua ikapelekwa, nakala ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu halikuja.

Ramani iliendelea kufifia pale ukutani mpaka ofisi ilipopakwa rangi. Hakuna aliyekuja kubomoa, na hakuna aliyekuja kusema kwamba hatabomoa, na hilo la pili ndilo lililotuumiza. Majirani waliacha kuezeka, waliacha kuchimba visima. Mama aliahirisha kujenga choo cha ndani mwaka baada ya mwaka, nani ajenge choo katikati ya barabara? Kijana wa uthamini alimaliza masomo akaondoka. Wasichana wa uhasibu nao waliondoka, mmoja akiwa na deni ambalo mama alilikata kwa mstari na kuandika pembeni "nimesamehe".

Kilichokuja kuviacha vyumba vitupu hakikuwa ule mpango. Aprili 2017 Rais Magufuli alizindua mabweni mapya ndani ya chuo, majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, kwa shilingi 500 kwa siku. Hakuna mwenye nyumba wa Changanyikeni wala Msewe ambaye angeshindana na bei hiyo. Mama alipandisha kalenda ya mwaka ule mlangoni na kushusha kodi, akaanza kupokea walinzi na wauza duka, na safu ya fani ikawa na maneno mapya: ulinzi, saluni, bodaboda.

Upimaji ulifika baadaye kwa njia ya urasimishaji, nyumba zikapimwa pale zilipo. Wapimaji walisema kinjia chetu kitakuwa barabara kama kila upande utaachia kidogo, tukubaliane wenyewe. Mama akaachia choo na karo. Jirani wa mbele akavunja ukuta wake kwa nyundo, yeye na wanawe. Mwenye ghorofa, aliyepiga makofi sana siku ile, alisema ua wake una hati na hautasogea hata tofali moja. Haujasogea. Gari la kunyonya bado linasimama getini kwake, na sisi tunalipa ziada ya mpira.