Aliyeshuka Kifaruni kwa Ajili ya Maiti

Ndugu zangu katika imani, assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wiki hii nimeishi na habari ya kijana mmoja wa Azerbaijan, Albert Agarunov, ambaye hakuwa Mwislamu. Alizaliwa tarehe 25 Aprili 1969 pembezoni mwa jiji la Baku, katika ukoo wa Mayahudi wa Milimani, jamii ya kale ya Kaukazi yenye lugha yake iliyo karibu na Kiajemi, ambayo kwa karne nyingi imekaa ujirani na Waislamu wa nchi ile. Alikuwa amekwisha kutumikia jeshi la Kisovyeti na kurudi uraiani, lakini vita vya Karabakh, eneo lililogombewa na Waazerbaijani na Waarmenia, vilipopamba moto alijitolea mwenyewe mwaka 1991, akakabidhiwa kifaru, akawa miongoni mwa walioutetea mji wa Shusha uliojengwa juu ya majabali.

Tarehe 8 Mei 1992 wapiganaji wa Kiarmenia waliushambulia mji ule. Albert alikuwa ametimiza miaka 23 wiki mbili tu kabla ya siku hiyo. Inasimuliwa kwamba mapigano yakiendelea, barabarani walikuwa wamelala wenzake waliouawa, na kifaru hakikuwa na pa kupita ila juu ya miili yao. Akakisimamisha, akafungua mfuniko, akashuka ili awatoe njiani, na hapo ndipo risasi ya mdunguaji ilipompata.

Naomba tukae kidogo hapo barabarani. Ndani ya chuma kile risasi ya bunduki isingemfikia, na wale aliowashukia hawakuwa na maumivu tena ya kuondolewa wala ulimi wa kumshukuru. Sisi tumefundishwa kwamba maiti ana haki juu yetu ya kuoshwa, kukafiniwa, kuswaliwa na kusitiriwa ardhini, na Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja angali hai. Mayahudi nao huiita huduma ya maiti wema wa kweli, kwa kuwa anayetendewa hana namna ya kuulipa. Nadhani kijana yule hakupata nafasi ya kuyapima haya yote, kwani alikuwa na muda wa kusimama au kupita tu, naye akasimama.

Siandiki ili kuihukumu vita ile, ambayo hadi ilipositishwa mwaka 1994 ilikuwa imeua watu wapatao 30,000 na kuwang'oa makwao mamia ya maelfu, Waazerbaijani kwa Waarmenia. Kila upande una mama zake wanaolia.

Mwezi uliofuata, Juni 1992, alitunukiwa cheo cha Shujaa wa Taifa wa Azerbaijan, na mwaka 2019 sanamu yake ikasimamishwa Baku. Kinachonigusa zaidi ni kaburi lake. Alizikwa katika Njia ya Mashahidi, kilimani juu ya Bahari ya Kaspi, mahali walipolazwa raia waliouawa na majeshi ya Kisovyeti Januari 1990, na katika mazishi yake walisimama rabi na mulla, kila mmoja akimwombea kwa lugha ya dini yake.

Niliposoma hayo nilikumbuka siku jeneza lilipopita mbele ya Mtume (s.a.w.) naye akainuka. Akaambiwa kuwa ni la Myahudi. Akauliza, "Je, si nafsi?"

Hadithi hiyo nimeisikia tangu chuoni, na nimewasomea wengine. Hata hivyo mwaka jana, alasiri moja, nilikuwa nimekaa barazani na wenzangu pale jeneza lilipopita, nami kabla ya kuinuka nikauliza ni la nani. Nilipojibiwa kuwa ni la Mkristo wa mtaa wa pili, nilibaki nimekaa, kikombe cha kahawa mkononi. Mbele ya jeneza alitembea kijana mdogo aliyebeba msalaba wa mbao wenye jina la marehemu. Alinitazama, kisha akageuza uso akaendelea na safari yake ya makaburini.

Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe kikao kile.