Taimukodi ni anwani, si saa

Anayerekodi kwaya nyumbani hapa Lubumbashi kwa telefone mbili na kadi moja ya sauti hukuta jambo lile lile: mwanzoni midomo na sauti viko pamoja, lakini ibada ikikaribia kwisha, mdomo na neno vimeachana. Akitafuta kwenye intaneti anaandika "taimukodi", na majibu yanamsukuma anunue kisanduku cha kutoa taimukodi. Kisanduku hicho peke yake hakitibu ugonjwa huo.

Taimukodi hutaja mahali ndani ya rekodi: saa, dakika, sekunde, fremu (picha moja ya video). Mwendo unashikwa na fuwele ya kwatzi ndani ya kila kifaa, na fuwele mbili hazilingani kabisa. Zikitofautiana kwa sehemu 20 katika milioni, wimbo wa dakika 5 unateleza milisekunde 6, na hakuna atakayeona. Ibada ya saa 2 inateleza milisekunde 144. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 40, basi umepotea zaidi ya fremu tatu na nusu.

Kwa hiyo kwa wimbo mmoja, piga kofi mbele ya kamera zote na uendelee na kazi. Kwa ibada nzima, piga kofi mwanzoni na mwishoni, kisha pima. Ukikuta sekunde 7200.144 kati ya makofi kwenye video na 7200.000 kwenye sauti, nyoosha sauti mara 1.00002. Hapo hata taimukodi huihitaji.

Kwenye vitabu vya maelezo vya Kifaransa, tafuta neno "horloge" kama shida ni mwendo, na "code temporel" kama shida ni mahali. Kuna maneno mawili kwa sababu ni mambo mawili. Ukiunganisha kadi mbili kwa waya wa dijitali, moja iwe bwana na nyingine ifuate saa ya nje, la sivyo utasikia vidonda vya "tik" kwenye rekodi.

Taimukodi inakuwa na faida kubwa pale unapokuwa na vipande vingi vya video. Aina yake iitwayo LTC ni sauti tu, inayorekodiwa kama sauti nyingine: biti 80 kwa kila fremu, yaani biti 2000 kwa sekunde kwenye fremu 25, mlio wa hezi 1000 hadi 2000. Reaper, programu ya kurekodi sauti kwenye kompyuta, inaitengeneza yenyewe kwenye menyu ya Insert. Anza na 01:00:00:00, usianze na sufuri, kwa sababu ukirudi nyuma sekunde chache kabla ya sufuri programu inasoma saa 23 na kila kitu kinavurugika. Chagua fremu 25 kila mahali, kwenye kamera pia. Umeme wetu ni wa hezi 50, na shata ya sekunde 1/50 haitaonyesha taa zikipepesa. Kwenye sauti ya sampuli 48,000 kwa sekunde, kila fremu inabeba sampuli 1920 kamili.

Kuingiza LTC kwenye telefone ndipo wengi wanaposhindwa. Sauti ya laini, inayotoka kwenye kadi, ni kubwa mno kwa tundu la maiki. Weka rezista ya omu 10,000 kwenye njia, kisha omu 100 kwenda masi (waya wa ardhi): hapo umepunguza desibeli 40. Lakini omu 100 pekee telefone ya Android inaidhani ni kitufe kimebonyezwa. Ndiyo maana baada yake unaweka kapasita ya mikrofaradi 1 isiyo na upande, na kutoka mguso wa maiki hadi masi rezista ya omu 2200. Kwenye plagi nyingi za sasa, sehemu iliyo karibu na waya ni ya maiki, na inayofuata ni masi. Kwenye Open Camera, programu ya kamera ya Android, chagua maiki ya nje. Programu ya telefone inayosafisha kelele huikosea LTC kwa kelele na kuila, izime.

Usipitishe waya wa LTC sambamba na waya wa gitaa. Mlio wake unavuja, na hezi 1000 zinasikika wazi kwenye rekodi.

Telefone nyingi zinabadilisha fremu zenyewe katikati ya video. Kabla ya kupanga chochote, zifanye ziwe 25 thabiti kwa amri hii ya programu ffmpeg kwenye kompyuta:

ffmpeg -i ibada.mp4 -vf fps=25 -c:a copy ibada25.mp4

Delestaji (kukatwa kwa umeme) ikizima kompyuta katikati, usianze tena na 01. Ukirudia, utakuwa na vipande viwili vyenye anwani moja, na programu itaweka kimoja juu ya kingine. Anza na saa nzima ambayo taimukodi haijafika bado, kwa mfano 02:00:00:00 kama umeme umekatika kabla ya hapo, na uandike kwenye karatasi.

Siku moja kabla, rekodi dakika moja ya LTC kwenye kila telefone, toa sauti yake kuwa WAV na uipitishe kwenye ltcdump, programu ya kompyuta inayosoma LTC. Ikisoma fremu zote kwa mfululizo, waya wako uko sawa. Ikiruka fremu, punguza sauti ya kutoka kabla ya kugusa rezista.