Dakika Nzima

Kwa miaka mingi nilihesabu pumzi za mtoto kwa nusu dakika, kisha nikazidisha mara mbili. Nalisema wazi, maana yote ninayotaka kuyaeleza leo yalianzia hapo.

Ilikuwa Jumatatu, zamu yangu ya kliniki, pembezoni mwa jiji la Tanga. Foleni ilifika hadi chini ya mwembe. Bibi mmoja aliniletea mjukuu wa miezi minane, kikohozi siku ya pili. Mtoto analia, nami namhesabu huku nikimwita mama anayefuata. Nikaandika 44 kwenye kitabu cha MTUHA, kile cha kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati. Bibi hakuinuka.

"Mwanangu, hebu mtazame tena. Jana hakuwa akipumua hivi."

Nikasubiri atulie mapajani kwake, nikamfunua fulana, nikahesabu dakika kamili. 58. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni kupumua haraka, na akiwa na kikohozi tunamtibu nimonia. Mtoto hapumui kama saa ya ukutani: anaharakisha, anapunguza, anasita. Ukikosea nusu dakika, unazidisha na kosa lenyewe. Alitoka na amoksilini yake. Mwongozo wa kumhudumia mtoto mgonjwa, unaotaka tuhesabu dakika nzima, ulikuwa umebandikwa ukutani siku zote, juu ya kichwa changu.

Kuna fani inayoshughulikia pengo hilo hasa, kati ya ukuta na mkono wangu. Inaitwa sayansi ya utekelezaji. Haiulizi kama dawa inatibu. Inauliza kwa nini tiba inayojulikana haimfikii mtoto aliye mbele yako, na kifanyike nini imfikie. Chukua kuhara: tangu 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanaelekeza mtoto apewe ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14. Zinki ipo dirishani, mama anaichukua, kuhara kunakatika siku ya tatu, na vidonge vilivyobaki vinalala kabatini.

Sisi tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wauguzi na matabibu wa zahanati sita, za hapa mjini, Muheza na Pangani. Posho hakuna, kila mtu na nauli yake. Mwenyeji anapika mihogo ya nazi. Kundi la namna hii wataalamu huliita jumuiya ya utendaji, jina lililoletwa na watafiti Jean Lave na Etienne Wenger mwaka 1991 baada ya kutazama jinsi watu wanavyojifunza kazi wakiwa kazini, wakiwemo mafundi cherehani wa Liberia na wakunga wa Kimaya huko Yucatán, Mexico. Niliposoma habari za wale wakunga nilimkumbuka mama yangu mkubwa. Alibeba beseni la maji nyuma ya bibi yake kwa miaka kadhaa kabla hajaruhusiwa kumpokea mtoto, na hakuna siku aliyoambiwa sasa unafundishwa.

Nilipolisimulia kundi habari ya yule bibi, chumba kilinyamaza. Kisha tabibu mmoja akasema naye huhesabu sekunde kumi na tano. Mwingine akasema kipima muda chao kimekufa betri, na simu yake ya kitochi haionyeshi sekunde. Dada wa Muheza akasema hawezi kuhesabu kwa sababu mtoto akimfikia ameshatolewa kwenye mzani, yuko kwenye kilio. Haya yote timu ya usimamizi ilikuwa haijayasikia hata mara moja. Anayekuja kukagua kitabu utamwonyesha kitabu.

Hoja ya mzani ndiyo iliyotufungua macho. Tulikubaliana kila zahanati ijaribu kwa mwezi mmoja kuhesabu pumzi kabla ya kupima uzito, mtoto akiwa bado amepakatwa. Kwangu mhudumu wa afya alilichukua jukumu hilo, akanunua saa ya mkono yenye mshale wa sekunde, na kazi ikaenda. Kwa mwenzetu aliye karibu na shamba la mkonge haikwenda kabisa. Yuko peke yake, na akina mama wanafika wote kwa pamoja alfajiri kabla ya kuingia kazini. Alirudi mwezi uliofuata karibu na machozi, akidhani ametuangusha. Tukakaa na tatizo lake asubuhi nzima, tukaliacha la kwetu. Sasa ana benchi moja mlangoni la watoto wenye kikohozi; akifungua tu, anapita hapo na saa yake, wengi bado wamelala.

Nampenda sana yule dada wa karibu na shamba la mkonge kwa kurudi na habari ya kushindwa. Angeweza kutuambia imekwenda vizuri.

Jumamosi hii ni zamu ya Pangani. Mwenzetu wa huko amewaomba akina mama walete chupa wanazochanganyia ORS nyumbani, kwa sababu pakiti yetu ni ya lita moja na anashuku chupa nyingi ni za lita moja na nusu. Amekusanya kumi na moja. Mimi nimeombwa nije na jagi la kupimia.